Sabuni ya Mche

Kiangazi kikikaza, bwawa letu la Machengwe
hushuka vidole viwili kwa siku.
Mie ndiye msoma kipimo.
Naandika kwa kalamu ya risasi kwenye daftari la Kilimo,
daftari naliweka chini ya jiwe,
na mshipi nautoa mfukoni.

Kwanza perege, kabla jua halijaota meno.
Wamejazana kwenye gogo la mkarafuu
lililozama mwaka bonde lilipozibwa.
Mti wa Ussi Kombo ule. Alilipwa fidia,
akaulilia hivyo hivyo.
Leo matawi yake yanachumwa upya,
perege wa saizi ya kiganja,
nyungunyungu mmoja, chelezo cha ndala mbovu ya buluu.
Chelezo hakizami. Hutetemeka tu,
kama mtu anayesita kuitika salamu.
Hapo ndipo pa kuvuta.
Ukingoja kizame umeshaliwa chambo.

Mchana usinitafute.
Maji yamepata moto wa kukogea mzazi,
yangeyange wamesimama mguu mmoja, hawana haja na mtu,
na samaki wote wamo shimoni, karibu na lango.

Kambale ni wa usiku.
Na kambale usimpelekee chambo cha heshima.
Mpelekee sabuni ya mche, ile ya kufulia,
ikate vipande kama halua,
ianike kidogo ikaze.
Sijui anaipendea nini.
Labda anajua watu wanavyomsema.

Chumu, mke wangu, mtoto wa kisiwa cha Fundo,
aliyekulia changu na tasi, anamsema hivi:
"Samaki wa tope simli. Hana magamba,
ana ndevu kama mjomba Faki.
Utamkaangaje mjomba?"
Na kwenye kamati ya bwawa ndiyo nyumba ya kambale yenyewe,
kila mmoja ana sharubu:
huyu fungua lango, mpunga unakufa,
yule funga, mwezi wa pili bado.
Mie nasoma kipimo. Kipimo hakina upande.

Basi usiku mmoja umeme ukakatika,
bati likatutokota mpaka saa sita.
Chumu akabeba mkeka, akanifuata.
"Nakuja kupunga upepo. Mshipi wako usinishikishe."

Akaushika.
Akauzungusha kidoleni mara moja tu,
akaanza kunihadithia harusi ya Mwanasha,
nani kapika, nani kanuna,
na mara akanyamaza katikati ya neno.
Chumu hanyamazi katikati ya neno.

Mshipi ulikuwa unakwenda kando, polepole,
kama mgeni anayeondoka bila kuaga.
Akavuta. Miguu ikazama topeni,
kanga ikarowa mpaka kiunoni,
na yule akatoka, urefu wa mkono wangu,
mweusi, anang'aa kwenye tochi, anakoroma.

"Mshike nyuma ya miiba," nikamwambia.
"Usinifundishe samaki."
Akachomwa.

Akanyonya kidole, akamtazama.
Yule naye akamtazama, kwa vile vijicho vidogo
vya mtu aliyeazimwa fedha akasahau.
Akaichomoa ndoana, akamrudisha majini.
"Nenda. Umeshanawa."

Hajamla hata leo.
Perege humla, kwa tui zito na ndimu nyingi,
na hunikumbusha kwamba ananifanyia hisani.
Lakini shati zangu za kazi
siku hizi zinafuliwa kwa maji matupu,
nikiuliza sabuni naambiwa panya,
na nikizinduka usiku kwa joto
tochi haipo msumarini.

Jana asubuhi nimelitoa daftari chini ya jiwe.
Chini ya hesabu yangu ya maji,
kwa hati yake ya kulala kushoto,
palikuwa na mstari mmoja:
Kambale watatu. Mmoja mkubwa kuliko wako.